Upande wa Mahru

Berrin alingoja mpaka matangazo ya biashara. Kumsemesha mama yake wakati Mahru yuko kwenye runinga ilikuwa kazi bure. Tangu tamthilia ya *Harusi ya Theluji* ilipoanza, Alhamisi jioni katika nyumba ile hata habari ya msiba ingeambiwa isubiri mlangoni. Basi akangoja, likatokea tangazo la sabuni, akapunguza sauti kwa rimoti, akasema, "Mama, kuna watu wanataka kuleta posa."

Nazmiye alikuwa na ganda la mbegu ya alizeti mdomoni. Alilitema kwenye kisahani taratibu. "Watu gani?"

"Akina Serhan."

Perihan, jirani wa ghorofa ya chini ambaye hakuwa akikosa Alhamisi hata moja katika sebule hiyo, aliacha kutafuna.

"Serhan yupi?" aliuliza Nazmiye, kana kwamba mji mzima wa Denizli ulikuwa umejaa akina Serhan aliowahi kuwapikia supu ya dengu.

"Mama, unamjua."

Alimjua sana. Berrin alivaa pete ya kijana huyo majira mazima ya baridi, miaka mitatu iliyopita, halafu mama yake kijana, Meliha, akamtafutia mwanawe binti wa daktari wa meno, uchumba ukavunjwa. Uchumba kuvunjika si jambo geni. Lakini hata kuvunja kuna adabu yake: vitu hurudishwa mkono kwa mkono, mtu mzima kwa mtu mzima, na neno la pole hata kama ni la kinafiki. Meliha hakupanda ngazi. Aliviacha vitambaa, taulo na shanga za watu ndani ya furushi kwenye duka la Mzee Hilmi, kando ya kabati la mkate, akaenda zake. Nazmiye alilikuta akitoka kazini, yuko na wenzake wa kiwandani, na Mzee Hilmi wa watu akalazimika kusema mbele ya wote, "Mama Berrin, kuna mzigo wenu hapa. Kutoka kwa wale." Tangu siku hiyo Nazmiye alikuwa akinunua mkate mtaa mwingine kabisa. Binti wa daktari wa meno naye hakukaa, lakini hilo halikumpoza.

"Mmekuwa mkionana?"

"Tangu kiangazi."

"Na mama yake?"

"Mama yake ndiye atakayekuja. Amekubali."

"Amekubali," alirudia Nazmiye. "Ametuonea huruma."

Matangazo yalikwisha, na Perihan akaiwahi rimoti. Usiku ule Mahru alikuwa anaposwa. Ni familia ya kijana Alpay, ile iliyomfilisi baba yake Mahru na kumtupa binti nje kwenye theluji, ndiyo iliyokuja kumposa, na haikumtambua kwa kuwa alikuwa amerudi na jina jingine na mali nyingi. Mahru akateremka ngazi za marumaru. Gauni lilikuwa jekundu, likimfuata ngazi hadi ngazi. Nje ya madirisha theluji ilikuwa ikianguka, theluji ya buluu, sijui waliipaka nini, na kinanda kimoja kikilia kwa mbali. Alpay akainua macho. Kamera ikamganda usoni muda ambao mtu angeweza kwenda kuchemsha chai na kurudi, na hakuna aliyekwenda. Mahru akakaa, akachukua kikombe chake cha kahawa, akakipindua juu ya kisahani mbele ya wazee wote, akasema kwa sauti ya chini, "Katika nyumba hii hakuna binti wa kuozwa." Hapo ndipo Alpay alipomjua. Na Mahru anampenda, jamani, kila mtu aliona kwamba anampenda: mdomo unamfukuza, macho yanamwita. Hata machozi yake yalikuwa na adabu. Yalitoka moja moja, wala hayakuleta makamasi.

Perihan alikuwa analia. Berrin alikuwa analia. Nazmiye hakulia. Mchana kutwa kazi yake ilikuwa kukunja na kushona mapindo ya taulo nyeupe, na wekundu ule ulimwingia mpaka rohoni. Aliona kwamba kumbe aibu inaweza kurudishwa ilikotoka, na ikarudishwa kwa uzuri, mtu akiwa amenyoosha mgongo. Kwa miaka mitatu alikuwa hajui la kufanya na kabati lile la mkate. Sasa alijua.

"Waambie waje," alimwambia binti yake.

Berrin alimkumbatia shingoni. Nazmiye akampapasa mgongo, huku Perihan akimtazama kwa pembeni.

"Macho yako hayo siyapendi," Perihan alimnong'oneza walipobaki wawili.

"Basi usiyatazame."

*

Mjomba wake Nazmiye, Mzee Rifki, mstaafu wa reli, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na posa ikiletwa yeye ndiye wa kujibu. Nazmiye alimwendea na sahani ya mikate ya jibini.

"Mjomba, wakimaliza kuomba, wewe unitazame mimi. Nikipindua kikombe changu, waambie hapa hakuna binti wa kuozwa. Nisipopindua, wape jibu zuri."

Mzee Rifki alitafuna kwanza. "Kama kwenye ile tamthilia."

"Na wewe unaiangalia?"

"Mimi napita tu sebuleni," alisema mzee. "Na Berrin mwenyewe?"

"Berrin ni mtoto."

"Ana miaka ishirini na saba, mwanangu."

"Atalia wiki moja, atapona. Mimi nimelia miaka mitatu."

Mzee Rifki alikuwa mtu wa kutangaza treni zinazochelewa maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Hakubisha sana. Alipoachwa peke yake alisimama mbele ya kioo cha ukumbini, akalijaribu neno hilo kwa sauti mbili tatu.

Nazmiye akanunua kitambaa. Jioni baada ya jioni, macho yakiwa yamechoka na taulo za watu, alikaa kwenye cherehani lake la nyumbani akashona gauni jekundu, refu, la mkono mwembamba. Berrin alilishika akasema, "Mama, hili zuri mno, nitalivaa wapi tena?" Nazmiye akasema, "Livae siku hiyo tu, inatosha." Na hakuona vibaya kusema hivyo. Alishaanza kuiona siku yenyewe kwa rangi ya buluu.

*

Walikuja Jumapili baada ya magharibi: Meliha, Serhan, na Mzee Nuri, kaka wa marehemu baba yake Serhan. Ngazi za jengo siku hiyo zilikuwa na kazi nyingi ajabu. Huyu anafagia, yule anakung'uta zulia, wengine wamegundua kwamba ngazini ndipo mahali pazuri pa kula mbegu. Perihan alikuwa ameapa kwamba hakumwambia mtu.

Mlangoni wageni walivua viatu. Kabatini Nazmiye alikuwa na kandambili za mahameli za kuwekea wageni, safi, zimekaa jozi jozi. Mzee Nuri akapewa zake, Serhan akapewa zake. Mbele ya Meliha, Nazmiye aliweka kandambili za plastiki za chooni, bado zina maji.

Meliha aliziangalia. Alikuwa amevaa soksi nyembamba za kahawia, nywele amezipaka rangi siku hiyo hiyo, na doa la rangi limebaki nyuma ya shingo. Akaingiza miguu. "Asante, Nazmiye," alisema.

Walikaa. Maua yakapokewa, chokoleti zikapokewa kwenye bakuli lake lenye rangi ya fedha.

"Nyumba yenu ina joto zuri," alisema Meliha.

"Tumezoea kujipasha joto wenyewe."

"Taulo bado unashona?"

"Nashona. Zile za furushi zilikuwa za mkono wangu. Hazikuharibika, zilikaa pakavu, karibu na mkate."

Mzee Nuri alikohoa. Serhan aliinama akatazama zulia. Alikuwa kijana wa kuuza matairi, kola ya shati imempwaya, masikio yamemwiva. Nazmiye alijisikia vizuri kama mtu aliyekunywa kitu cha moto. Akainuka kwenda jikoni kuhimiza kahawa.

Berrin alikuwa amesimama mbele ya jiko, birika dogo la kahawa mkononi. Hakuvaa jekundu. Alivaa gauni lake la kijivu la kazini, na lile jekundu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

"Mbona hukuvaa?"

"Funga mlango, mama."

Nazmiye akaufunga.

"Lile gauni ulinishonea mimi au ulimshonea Mahru?"

Nazmiye akaligusa pindo la lile jekundu.

"Perihan hawezi kulala na neno," alisema Berrin bila kugeuka, akiangalia povu la kahawa. "Tangu Ijumaa najua. Kikombe, mjomba, yote."

"Sasa mbona umewaacha waje?"

"Nilitaka kuona kama utafika mwisho."

"Walituaibisha, Berrin."

"Walikuaibisha wewe. Mimi waliniacha. Si kitu kimoja, mama. Tulilala kitanda kimoja siku zile, tunalia, umenikumbatia, nikafikiri kilio chetu ni kimoja. Kumbe mimi namlilia Serhan, wewe unalilia kabati la mkate."

Nazmiye alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema kwamba si kweli, akaona kwamba ni kweli.

"Tunakaa kochi moja kila Alhamisi," aliendelea Berrin. "Wewe roho inakusuuzika Mahru akiteremka ngazi. Unajua mimi nalia wapi? Akisharudi chumbani. Analivua lile gauni peke yake, zipu imemgomea, hana wa kumsaidia. Wanaonyesha kidogo tu, halafu wanaweka tangazo la sabuni."

"Unampenda hivyo?"

"Nampenda. Na nina hasira naye bado. Lakini aliyeachwa ni mimi, kwa hiyo kama kuna kisasi ni changu, na mimi nataka kukilipa nikiwa ndani ya nyumba yake, kidogo kidogo, mpaka tuzeeke."

Nazmiye alicheka bila kupenda, na macho yakamjaa. Aliona aibu, aibu ya kweli sasa, kumwona mwanawe amesimama na nguo ya kazini usiku wa posa yake kwa sababu mama yake amemharibia ile nyingine.

"Haya," alisema. "Nitakuoza."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la baba yako."

Berrin akamtazama kitambo, kisha akavuta kopo la chumvi, akaimimina ndani ya kikombe kimoja, cha bwana harusi kama desturi ilivyo, kijiko baada ya kijiko.

"Nyingi hivyo?"

"Mwache ainywe," alisema Berrin.

*

Serhan aliinywa. Funda la kwanza lilimpandisha nyusi, la pili likamtoa machozi, la tatu likampita kwa shida, na hakuweka kikombe chini wala hakukunja uso. Mzee Nuri alicheka mpaka akajipiga goti. Meliha naye alitabasamu kidogo. Nazmiye akamtazama kijana yule vizuri kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Hakuwa Alpay. Alikuwa mtoto wa watu aliyeogopa, anakunywa maji ya chumvi kwa ajili ya binti yake, na Nazmiye akafikiri, huyu naweza kumlisha. Moyo ulimtua. Akaiona miguu ya Meliha ndani ya plastiki ile yenye maji, akataka kuinuka amletee za mahameli, lakini Mzee Nuri alikuwa ameshajiweka sawa kwenye kiti na kushusha mikono magotini, na mtu haondoki wakati huo.

"Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wake," alisema Mzee Nuri, "tumekuja kumwomba binti yenu Berrin kwa ajili ya kijana wetu Serhan."

Sebule ilitulia. Berrin alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, na Nazmiye alikuwa akimtazama yeye tu, uso ule ambao ulikuwa umeanza kuamini. Akamalizia funda lake la mwisho la kahawa kwa raha.

Sasa, mkono. Katika mji ule mwanamke hamalizi kahawa akakiacha kikombe kinatazama juu. Akishafika kwenye mashapo hufunika kisahani juu ya kikombe, huvipindua pamoja, huviacha vipoe, na jirani huja kumsomea: njia hii, ndege huyu, barua hii inakuja. Nazmiye alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake, kila siku ya Mungu, na Perihan ndiye msomaji wake. Mkono haukumwuliza. Ulifunika, ukapindua, ukaweka juu ya meza, macho yake yakiwa bado kwa Berrin. Alisikia hata mlio mdogo wa kikombe na kisahani kugusana, na haukumwambia kitu.

Mzee Rifki alisimama.

"Tumewasikia," alisema, kwa sauti iliyokuwa imengojea miaka yote ile kwenye vituo vya treni. "Kahawa mmekunywa, Mungu awajalie afya. Maua yenu chukueni, na chokoleti zenu chukueni. Mkiona ni mzigo mzito, duka la Mzee Hilmi lipo, viacheni hapo kando ya mkate. Katika nyumba hii hakuna binti wa kuozwa."

Akakaa. Nadhani alikuwa akingojea kinanda. Nje kwenye ngazi mtu mmoja alipiga makofi, akanyamazishwa.

"Hapana," alisema Nazmiye. "Mjomba, hapana. Mimi sikupindua."

Wote walikitazama kikombe. Kilikuwa kimepinduliwa.

"Ni mkono," alisema. "Mazoea tu. Wallahi ni mkono."

Meliha alikuwa ameshainuka. "Usijisumbue, Nazmiye," alisema. "Sehemu hiyo niliiona."

Alivivaa viatu vyake mlangoni akiwa amejishika ukutani kwa kiganja. Wanawake wa ngazini wakajibana kumpisha, kila mmoja na macho yake, na mmoja ameinua simu anapiga video. Alishuka polepole, begi amelikumbatia, lile doa la rangi likionekana nyuma ya shingo. Hapakuwa na theluji wala muziki. Taa ya ngazini, ambayo hujizima yenyewe, ilijizima, na mtu akaipapasa ukutani kuiwasha tena. Nazmiye alisimama mlangoni akatazama yote, na hakuona uzuri wowote.

Serhan alikuwa wa mwisho kutoka. Alimtazama Berrin, lakini Berrin alikuwa akimtazama mama yake.

"Uliapa kwa kaburi la baba," alisema Berrin.

"Mwanangu, mkono ule..."

"Usiseme. Usiongeze."

*

Hakuna aliyemwamini. Perihan mwenyewe, ambaye ndiye aliyevisoma vikombe hivyo miaka yote, alisema, "Shoga, mimi nakuamini, lakini lilitoka vizuri mno." Video ilizunguka kwenye simu za mtaa. Kiwandani wanawake walisimamisha mashine alipoingia, wakamwita Mahru wetu, wakataka awasimulie tena na tena jinsi yule mama alivyoshuka ngazi. Mmoja alimkumbatia, akamwambia kwamba yeye naye ana mama mkwe, na kwamba siku ile alilala usingizi mzuri. Hicho ndicho Nazmiye alichokuwa amekitaka, kwa ukamilifu, na kilimuuma kuliko kabati la mkate. Kwenye kabati angalau alikuwa ameonewa.

Berrin hakuhama wala hakununa. Alisalimia asubuhi, aliosha vyombo, alisema "usiku mwema". Zaidi ya hapo hakusema neno. Serhan hakupiga simu, au kama alipiga, Nazmiye hakujua.

Alimwendea mjomba wake amwombe arudi kwa akina Meliha akalifute neno.

"Nikaseme nini? Kwamba ulikuwa mkono?" alisema Mzee Rifki. Alikuwa amenyongea, na yeye pia alikuwa ameiona ile video, na sauti yake ndani yake haikumpendeza. "Posa ikikataliwa imekataliwa, mwanangu. Labda wao warudi kuomba tena. Na hawatarudi."

"Basi niende mimi."

"Uende ukaombe nini?"

"Kijana."

Mzee Rifki aliweka glasi ya chai chini. "Upande wa binti kwenda kuposa kijana? Haijawahi kuonekana. Mtaa utakucheka mpaka kaburini."

"Sasa hivi wananisifu," alisema Nazmiye. "Siwezi kuvumilia."

*

Alhamisi alirudi kutoka kazini, akaoga, akavaa koti lake la Idi. Alikuwa amenunua chokoleti na kuzipanga mwenyewe kwenye bakuli la kioo, na maua meupe. Berrin alikuwa kwenye kochi, runinga imezimwa.

"Unakwenda wapi Alhamisi saa hizi?" Lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu Jumapili.

"Kuposa," alisema Nazmiye.

Berrin alitazama maua, bakuli, koti. Alifungua mdomo, lakini mama yake alikuwa ameshatoka, kwa kuwa angekaa kidogo angeghairi.

Mtaa ulikuwa mtupu. Kila dirisha lilikuwa na mwanga ule ule wa buluu unaochezacheza, na kutoka kila nyumba ulitoka wimbo mmoja wa mwanzo wa tamthilia, hata Nazmiye akatembea ndani yake kutoka kona hadi kona, bakuli kifuani. Kwa mara ya kwanza alikuwa akiusikia akiwa nje. Alisikia jinsi ulivyo mtamu, na jinsi usivyomjua mtu.

Meliha alifungua mlango mwenyewe. Aliyatazama maua muda mrefu.

"Serhan hayupo," alisema.

"Nimekuja kwako."

Sebuleni runinga ilikuwa inawaka. Meliha akapunguza sauti, hakuizima. Nazmiye hakukaa. Aliona kwamba akikaa atashindwa.

"Sina mzee wa kunisemea," alisema. "Wangu anasema haijawahi kuonekana. Kwa hiyo nasema mwenyewe, unisamehe nikikosea." Akanyoosha mgongo. "Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wake, nimekuja kumwomba kijana wako Serhan kwa ajili ya binti yangu Berrin."

Akamnyooshea bakuli. Meliha alilipokea, akaliweka mezani. Hapo mezani palikuwa na kikombe chake cha kahawa ya mchana, kimepinduliwa juu ya kisahani, kimekauka, hakuna aliyekuja kumsomea. Wote wawili walikiona.

"Kweli ulikuwa mkono?" aliuliza Meliha.

"Ulikuwa mkono. Lakini kuwaita kwangu niwaaibishe, hilo halikuwa mkono. Wala zile kandambili."

"Kandambili nilizijua." Meliha alikaa, akamwonyesha nafasi kando yake kwenye kochi, na safari hii Nazmiye akakaa. Kwenye runinga Mahru alikuwa amesimama dirishani, mzuri kupita kiasi, akimtazama Alpay anayeondoka. "Unajua mimi niko upande wa nani humu?"

"Wa nani?"

"Wa Mahru. Tangu siku ya kwanza. Yule mama yake Alpay namlaani mpaka Serhan ananiambia, mama, shusha sauti, majirani. Usiku ule alipopindua kikombe nililia kwa furaha. Jumapili nimesimama kwenye ngazi zenu, wale wanawake wananitazama, nikajiuliza macho haya nimeyaona wapi. Kumbe ni yangu. Ndivyo ninavyomtazama yule mama kila Alhamisi." Alijifuta pua kwa kiganja, bila uzuri wowote. "Mama yake Alpay ni mimi, Nazmiye. Na nilikuwa sijui."

Nazmiye aliitazama runinga. "Na mimi nilijiona Mahru," alisema. "Kumbe kama yupo Mahru ni yule msichana aliyeko kwangu, amezima runinga. Mimi nilikuwa nimemvua gauni lake nikalivaa."

"Hali chakula, yule wangu."

"Wala wangu."

"Basi mchukueni," alisema Meliha. "Umemwomba kwa adabu kuliko sisi tulivyowahi. Mchukueni kabla hajanikondea kabisa."

Nazmiye alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu Jumapili. Alitaka kuinuka akambusu, ila Meliha alimshika mkono.

"Lile furushi," alisema. "Siku ile ningeweza kupanda ngazi. Niliona haya kukutazama, nikaona heri nikuaibishe wewe. Nihalalishie, unisamehe."

Neno lenyewe ni dogo, na mtu akiombwa hulitoa. Nazmiye alifungua mdomo alitoe. Akaliona kabati la mkate, akawaona wenzake wa kiwandani wakijifanya kutazama sukari, na neno likakataa.

"Nipe mpaka harusi," alisema. "Nikilitoa leo litakuwa la mdomoni tu. Sitaki kukudanganya."

Meliha aliitikia kwa kichwa polepole. "Na mimi zile ngazi zenu bado zinaniuma."

"Najua. Na mimi naomba unihalalishie."

"Basi na wewe nipe mpaka harusi."

Walikaa hivyo, wanawake wawili kwenye kochi moja, mkono ukiwa bado umeshikwa, mwanga wa buluu ukiwapitia usoni.

"Basi tuifanye mapema," alisema Meliha, akainuka kwenda kuweka chai.